Jina Nililochelewa Kumpelekea Padri

Mwanjelwa, Mbeya
Jumanne, wiki ya mwisho ya Majilio

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kamwene. Miguu inaendeleaje na mvua hizi? Mahindi ya hapo Kalenga yamepaliliwa, au bado unamngoja kaka amalize maneno yake? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu yako unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, na haya sitaki watoto wayasikie. Barua nampa jirani anayeshuka Ipogolo kesho.

Krismasi sitakuja, mama. Nisikilize kwanza kabla hujanuna.

Unajua mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu, na ni kazi yangu kumpelekea padri majina ya wagonjwa ili awapelekee komunyo nyumbani. Tulikuwa na mjane mmoja, Mama Tusekile, kifua kimemlaza kitandani. Majilio yalipoanza alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usinisahau kwa padri. Nataka nipokee kabla ya Noeli." Nikamwambia hamna shida, kesho tu.

Kesho yake vitenge vikaingia. Jumuiya ilikuwa imeamua tuvae sare siku ya Krismasi, na fundi ni nani kama si mimi? Magauni ishirini na mawili. Huyu anataka mabega ya kupanda, yule marinda, mwingine amenenepa tangu nimpime. Nikaacha hata sala ya asubuhi. Tukikutana jumuiya, Injili tunaisoma mbio mbio ili tupate muda wa kubishana kuhusu vilemba. Na mimi nabishana kuliko wote, si unanijua.

Aliyekuwa anampelekea mgonjwa uji ni Bi Zuhura, Mwislamu mwenye fremu ninayoshonea. Aliniuliza mara mbili, "Oliva, yule mama anamuulizia padri wake. Umeshamwambia?" Nikamjibu macho yangu yakiwa kwenye cherehani, "Kesho, Bibi." Wiki mbili nzima ni kesho.

Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa napiga pasi sare.

Na tulimzika tumezivaa, mama. Mwenyekiti alisema kwa kuwa ziko tayari, tumsindikize marehemu kwa heshima. Pale pale makaburini wanawake wawili wakausifu mshono, wakaniuliza kama naweza kuwashonea kabla ya sikukuu. Nilijichukia.

Binti yake, Tusekile, alikuwa amekuja kutoka Tunduma. Tulipotoka kuzika akanivuta pembeni. "Dada, mama alipokea?"

Nikasema alipokea. Nilimtazama usoni nikadanganya, tena nikaongeza, kwa amani kabisa. Akanikumbatia akilia, akasema basi amepona moyo. Siku hiyo hiyo akaenda kuomba misa ya shukrani.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema nisiishie kwake, niende kwa mwenyewe niliyemdanganya.

Jana nimekwenda. Nilimkuta anakunja nguo za marehemu. Nikamweleza yote, hata habari ya pasi. Akaendelea kukunja mpaka nikadhani hajanisikia, kisha akauliza, "Alikuwa anamngoja?"

"Alikuwa anamngoja."

"Halafu ukaniambia kwa amani kabisa."

Akaweka pembeni nguo aliyoikunja. Akaniambia, "Ungeniambia siku ile ningekutukana, yakaisha. Sasa nenda. Kanisani usije ukakaa karibu na mimi." Sina cha kumlaumu.

Kwa hiyo nabaki. Kuna wagonjwa wanne kwenye daftari langu, na asubuhi ya Krismasi nitamtangulia padri nyumba kwa nyumba nimwonyeshe njia. Usidhani nimekuwa mtakatifu, mama. Ninaogopa tu kumwacha mwingine. Nikijaribu kusali rozari, nafika fumbo la pili nimeshaanza kulia, lakini nasali.

Msalimie kaka na shemeji, na shangazi wa Tosamaganga. Baba mdogo mwambie shati lake halijashonwa, anisamehe.

Kuna jambo moja sikuweza kumwambia Tusekile, nakwambia wewe. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa naye asubuhi ile. Anasema mgonjwa aliomba aoshwe uso na afungwe kitambaa safi kichwani. Alipomuuliza kuna nini, akamjibu, "Leo Oliva anamleta padri."

Msalie Mama Tusekile kwanza, mimi baadaye.

Ni mimi mwanao,
Oliva