Kwa Eseza, Ambaye Walisema Hakuwa na Kazi

Mwaka umetimia, Eseza, tangu asubuhi ile ulipoanguka kati ya matuta ya bamia hapa Al Awir, katika nchi hii ya Waarabu, mpira wa maji ukiwa bado mkononi. Mumeo Hesbon alikufikia kwanza. Maji yalifurika mpaka adhuhuri, hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

Tunakuandikia kwa upendo, lakini hatutaficha: tuna hasira. Baba yako Yekoniya ndiye mwenye nyingi zaidi.

Siku ya maombi ghorofani kule Al Twar, kabla hujapandishwa ndege kurudishwa Jinja, shemeji yako Hudson alisimama na simu yake akasoma wasifu wako. Ulikozaliwa, ndoa, watoto watatu. Kisha: "Marehemu hakuwa na kazi. Alikuwa mama wa nyumbani." Watu wakaitikia amina. Hao hao waliokuwa wakijaza mifuko sukuma wiki yako kila Ijumaa, tena wanataka nyongeza ya dania!

Hakuwa na kazi! Nani basi alikuwa akikamua mbuzi kabla ya adhana ya alfajiri? Arbab Musab, mwenye shamba, alipotukodisha kipande hiki nyuma ya mitende yake, kilikuwa mchanga na makopo. Nani alikitia samadi mpaka kikaota mchicha?

Na shule je? Ada za mjini hatukuziweza, ukasema watasomea shambani. Ulifundisha kwa zamu ya maji. Tuta la sukuma likinywa, ni hesabu. Likitosheka unafunga bomba, unafungua la mchicha: kusoma. Bamia ilikuwa sayansi. Mpaka leo Fortunate, kitinda mimba wako, hajui kusema sayansi. Anamwambia babu yake, "Jajja, leo bamia ilikuwa ngumu."

Baba yako amezunguka Juba, Mombasa, Muskati, na shule alizigusa akipita tu, muhula hapa, muhula pale. Akiwa na miaka sitini na minane alikaa juu ya ndoo nyuma ya wajukuu, akajifunza kugawanya sehemu. Akikosea ulimwambia, "Mzee, rudia. Hapa hakuna upendeleo." Siku mbuzi alipokula daftari lake, ukasema hiyo si sababu.

Ndiyo maana alipaswa kusimama pale Al Twar kukutetea. Hakusimama. Nje, kwenye lifti, Hudson akaongeza: "Hawa watoto sasa warudishwe nyumbani, waingie shule ya kweli. Hapa wamesoma na mbuzi tu."

"Mbuzi hawasomi, anko," Trinah, mwanao mkubwa, akamjibu. "Wanakula daftari tu."

Watu wakacheka. Kisha mtoto huyo akamvuta babu yake shati. "Jajja, kweli mama hakuwa na kazi?"

Hakumjibu, Eseza. Aibu hiyo amelala nayo mwaka mzima.

Watoto hawakurudishwa. Hesbon alikataa, na asubuhi Trinah ndiye anayefungua mabomba na kuwasomesha wadogo zake, baba yao akisahihisha akitoka kwa mbuzi. Wiki iliyopita baba yako aliandika wasifu wako upya kwa mkono, Trinah akampigia mistari myekundu kila mahali. Kisha mzee akaupeleka Jumeirah Lake Towers, kwenye lango analolinda Hudson.

"Mzee, hayo ni ya mwaka jana. Khalas, yamekwisha."

"Khalas kwako. Watoto walisikia."

Hudson akasoma. Akasoma tena. "Mzee, mimi nilinakili viza yake. Iliandikwa mama wa nyumbani."

"Viza! Wewe umekula mboga za huyu mwanamke miaka sita, halafu unaenda kuiuliza viza alikuwa nani?"

Hudson akavua kofia yake ya kazi. Akaukunja ule wasifu, akautia mfukoni, akasema atausoma.

Jumapili hii atakuja shambani asubuhi, wakati wa bomba la bamia, ausome wasifu huu kwa sauti ile ile aliyosomea ule wa kwanza, mbele ya wale wale walioitikia amina. Umeandikwa: Kazi, mkulima na mwalimu. Watoto wako watakaa mbele. Akikosea, watamwambia arudie.

Tunaokukumbuka: mumeo Hesbon, wanao Trinah, Judy na Fortunate, dada yako Cissy, baba yako na mwanafunzi wako Yekoniya, na shemeji yako Hudson, ambaye ameomba jina lake liwemo.

Kila tuta likinywa maji, Eseza, tutakukumbuka daima.