Sauti ya Kuombea Chumvi

Mjukuu wangu Nafula,

Mungu anayekulinda huko Bungoma na asifiwe kabla ya neno langu lolote. Huku Mashimoni tu wazima. Mama yako amepona kikohozi.

Umeniuliza iwapo ni dhambi msichana kumpigia mwanamume kelele. Mimi nililelewa nikiamini hivyo. Wafadhili walipogharamia mafunzo ya kujilinda kanisani kwetu, mwalimu alitutaka wazee kwa wasichana tupaze sauti: "Hapana!" Nikajaribu. Akacheka, akiniita bibi kwa lugha ya mtaani: "Shosho, hiyo ni sauti ya kuomba jirani chumvi!"

Juma lililofuata, penye kibanda cha maji, mwanamume alimshika mkono Akinyi, binti niliyeketi naye mafunzoni, akawa anamvuta kichochoroni. Kifua changu kikafunguka. "Hapana! Mwachilie!" Akinyi naye akapaza yake, na akina mama wakatuzunguka na mitungi yao mikononi. Yule mwanamume akamwachilia, akatoroka.

Akinyi alinishika, akicheka. "Shosho, leo umeomba gunia zima!"

Jumapili nilimwimbia Mungu kwa sauti ile ile, wala sikuona haya mbele zake.

Bwana aibariki sauti yako, na kila mlango wa nyumba unamolala.

Bibi yako