Yatima wa Salama

Salama,
8 Machi 1987

Baba Syokau,

Nakusalimu huko Mombasa, kama bado unakaa kwa anwani hii. Hapa Salama mvua imekataa, na maji tunanunua kwa mkokoteni.

Lile kanisa la karibu na stendi linamsaidia Syokau. Wanamlipia skuli, na Jumamosi wanampa uji na maharagwe. Mimi sikuwaamini tangu mwanzo. Nani hulisha mtoto wa mwenyewe bure? Tena wanapenda sana kupiga hawa watoto picha bila viatu.

Jumapili walikuja wageni kutoka ng'ambo. Syokau akasimamishwa aombe, akamshukuru Mungu kwa kukumbuka mayatima kama yeye. Na mimi nimekaa hapo kwa benchi! Nikajua ni mke wa pasta amemfundisha, ndio wageni waingiwe na huruma. Nikamwendea nikiwaka.

"Mama Syokau," akaniambia, "sisi tulijua wewe ni mjane. Mtoto mwenyewe ndiye alituambia."

Hata hapo sikumwamini. Kufika nyumbani nikamuuliza Syokau ni nani alimdanganya eti baba yake alikufa.

"Hakuna mtu," akasema. "Lakini susu alipozikwa, watoto wake wote walimtupia mchanga kaburini. Baba hakuonekana. Kama yuko hai, angekosa kumzika mama yake?"

Sijamjibu mpaka leo. Mjibu wewe.

Ni mimi, bibi yako au mjane wako,
Mutindi