Klia ya Keram ya Baba

Naipingo, Nachingwea
Julai 2025

Kaka Harithi,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na wifi Kulthumu na watoto hawajambo huko Ruangwa? Sisi tu wazima. Mkono wa kulia wa baba haujarudi tangu kiharusi, lakini anakula vizuri. Salamu zinaishia hapo, maana simu zangu hupokei, na nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ubao wa keram wa baba uliuleta mwenyewe kwenye karakana yake, ninakofanya kazi mimi tangu augue, ukaubwaga mezani kama gunia la mihogo. Ukasema niupige klia, ile vanishi isiyo na rangi, wazee waone kama mwanamke anaiweza kazi ya mzee, na nikishindwa karakana igeuzwe ghala la korosho zako. Nikakubali. Nikakwangua vanishi ya zamani, nikachora upya duara na mishale iliyofutika, nikaacha rangi ikauke kabisa. Nikamwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Tena nilimtuma Mustafa, kibarua wako, akwambie kwamba asubuhi ile napuliza klia, msiwashe mashine ya kupulizia unga wa salfa kwenye mikorosho ya jirani na karakana. Mustafa anaapa alikufikishia, nawe ukamwambia awashe.

Loo, Harithi! Klia bado mbichi, wingu la njano likaingia dirishani. Ubao ukawa unakwaruza kama ulimi wa paka. Ukambebea baba aupapase kwa mkono wake mzima, huku ukimwambia mikono yangu ni ya kukatia mchicha, na kwamba wewe ndiye uliyefundishwa naye vizuri kuliko mimi. Wewe? Wewe ambaye ukiona msasa tu unakumbuka una safari? Mimi nilikwenda kulia jikoni, na sijakusamehe.

Nikaanza upya. Nikasugua punje zote za salfa kwa msasa laini wa maji, nikapuliza klia nyepesi ili mistari isivimbe, nikangoja, nikasugua tena, ndipo nikapuliza ile nzito. Madirisha niliyaziba kwa kanga, nikaloa jasho humo ndani kama niliyenyeshewa. Ijumaa baada ya swala, mzee Shaibu wa kamati ya msikiti akaja na wenzake kucheza. Baba akapiga kwa mkono wa kushoto. Kete ikateleza mpaka ukingo wa mbele, ikarudi hadi mikononi mwake, naye akacheka kicheko ambacho hatujakisikia tangu augue. Akauliza ni kazi ya nani.

Sasa nakuungamia, kaka. Nilimwambia ni kazi yako. Nilisema uliona aibu, ukaja alfajiri yeye amelala, ukaurekebisha kimya kimya. Ulimi haukuniteleza, nilikusudia. Baba akafurahi kupita kiasi, na hapo hapo akamwahidi mzee Shaibu kwamba mimbari mpya ya msikiti utaipiga klia wewe, Jumamosi ijayo, yeye akiwa kitini anakutazama. Ikitoka kama ule ubao, karakana ni yako, jaza magunia mpaka darini. Isipotoka, funguo zinabaki kwa Amna. Amesema mbele ya kamati nzima.

Basi njoo upulize watu wakiona, au njoo umwambie baba kwa kinywa chako habari ya salfa. Mimi nitakuwa nimekaa hapo. Ukiamua kutokuja kabisa, mzee Shaibu ameshasema atakufuata Ruangwa kwa pikipiki, maana wanaisubiri mimbari.

Kompresa nimeijaribu, haina tatizo. Klia na thina ziko rafuni, na barakoa nimekufulia. Nisalimie sana wifi na watoto. Wazee wote wanakusalimu, na mafundi wawili wa Ruponda wameomba waje wajifunze kwako.

Mdogo wako,
Amna