Kishanga Ninachomtumia Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako. Mimi ni mzima, mzima kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu, na sababu yake utaisoma hapa chini. Wewe je, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Yule mwanao wa mwisho bado anaficha viatu asipelekwe shule?

Najua mumeo alirudi Jumapili amenuna, na najua hakukwambia kitu. Basi nikwambie mimi. Nilimshinda. Mbele ya klabu nzima, katika kulenga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, mchezo anaojivunia kuliko hata ndoa yake, unisamehe.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita nilipomwomba anifundishe? Siku ya kwanza nilipasua visahani kumi na saba kati ya ishirini na tano, naye akapasua kumi na sita. Tangu hapo akawa mwalimu mwema ajabu. Akaniambia siri yote iko kwenye kile kishanga cha shaba kilicho kwenye ncha ya mtutu: nikikazie macho, kisahani kitajileta chenyewe. Nikamwamini, si ni shemeji yangu? Kwenye mashindano yangu ya kwanza nikapasua vinne. Ulikuwepo mezani jioni ile aliposema mkono wa fundi cherehani uachiwe uzi. Watoto wakacheka. Nawe ulitabasamu, Dada, na hilo sijalisahau.

Mwaka mzima niliamini sifai. Mwishowe nikaipeleka bunduki yangu iuzwe, kwa mzee anayetengeneza bunduki za klabu, tunayemwita Mafuta kwa sababu ya suruali yake. Akataka kwanza aone ninavyolenga. Nilipomweleza habari ya kishanga alicheka hadi akakaa chini. Akaniuliza, nikishona natazama sindano, au mstari wa kitambaa ulio mbele yake? Nikasema mstari. Akasema na hapa ni vivyo hivyo: macho kwenye kisahani, mikono itafuata. Anayetazama kishanga husimamisha bunduki, na risasi hupita nyuma. Kisha akasema hilo ndilo somo la kwanza la kila mgeni, na kwamba mumeo ndiye huwafundisha wageni.

Niliumia, Dada. Halafu nikaanza upya. Miezi mitatu sikufyatua hata risasi moja. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilisimama na bunduki tupu mbele ya kioo cha wateja: miguu, kiuno, kitako cha bunduki begani, shavu lilale juu yake. Mara mia. Mteja mmoja alichungulia dirishani akaenda kushonesha kwingine. Baadaye Mafuta akanirudisha kwenye visahani vyepesi, vile vya kwenda moja kwa moja, hadi nikachoka kuvipasua, ndipo akaniruhusu vya pembeni. Hofu ikanitoka kidogo kidogo. Chuki sikuiacha itoke, ilikuwa inaniamsha.

Jumapili tukabaki wawili, mimi na mumeo, sare. Tukaongezewa kisahani kimoja kimoja, hadi mtu akose.

Sasa niungame. Kabla hajaingia kwenye nafasi yake nilimsogelea kwa adabu zote nikamsifu. Nikamwambia leo unapiga vizuri mno, shemeji, hebu nifundishe, kile kishanga unakitazama kabla kisahani hakijaruka, au baada? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimwona akianza kufikiri. Kisahani kikaruka, bunduki yake ikasita, kikaanguka kizima kwenye nyasi. Mimi nikapasua changu.

Simwonei huruma hata chembe. Kinachoniuma ni kwamba nilimnywesha sumu yake mwenyewe, na sasa sijui kama ningemshinda kwa mikono yangu tu. Kwa hiyo mwambie nataka turudiane, na safari hii sitafungua mdomo.

Ndani ya bahasha utakuta kishanga cha bunduki yangu. Mafuta alining'olea mwaka jana na sijakihitaji tangu hapo. Mpe mumeo wakati wa chakula, watoto wakiwepo.

Wakumbatie wote kwa niaba yangu, na uutunze mgongo. Akikipokea, Dada, tabasamu kama siku ile.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Cherehani