Wiski Aliyotoka Nayo Burma

Mbamba Bay

Shikamoo Mama,

Ziwa limetulia, usipa, dagaa wa huku, tunakula na kusaza. Jana Mjomba aliifungua ile wiski ya Kijapani aliyotoka nayo vitani Burma. Miaka yote aliogopa ina sumu. Akaonja kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, nami nikamkodolea macho nione kama ataanguka. Hakuanguka, akanipa.

Mama, ni kali, halafu inageuka tamu, na mwishoni unabaki moshi wa kimea chako cha pombe kikikauka juu ya mafiga! Nilipomwambia, Mjomba aliinusa tena chupa.

“Kumbe na wale Wajapani walikuwa na dada nyumbani wanaokausha kimea,” akasema.

Tangu vita viishe hajakanyaga kwetu Kigonsera, hata kukuona wewe dada yake. Leo ameiziba chupa vizuri. Anakuja nayo, Mama, aionje kwanza mbele yako.

Mwanao,
Hilda