Shamba la Kaka Ndani ya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Miwani amekuja dukani. Ndiye mwalimu wa chuo cha ufundi, yule anayeinama kuangalia kitu hadi pua iguse. Anasema Kijivu, kile kimashine cha gemu cha mkononi, kinatimiza miaka thelathini tangu kitoke kiwandani, na chuo kinataka kufanya onyesho. Niandike historia yake fupi, pamoja na orodha ya gemu zake. Halafu, kama jambo dogo tu, akaomba sanduku la kaseti za gemu za marehemu kaka yangu kwa wiki mbili.

Akanisifu weee. Fundi hodari, mkono mwepesi, hakuna kama mimi. Mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi natengeneza simu za watu, sitafuti sifa.

Nani amemwambia kwamba sanduku bado lipo? Mimi sijamwambia mtu. Wifi, mjane wa kaka, alikuwa mlangoni na ndoo ya kudekia, anadeki pale pale palipokwisha kukauka. Hakuinua uso hata mara moja.

Kuandika nimekubali. Sanduku bado.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza historia. Kijivu cha kwanza: kizito, betri nne, kioo cha kijani kisicho na taa. Kaka alikuwa akikichezea dirishani, mgongo kwa jua, akihama na kivuli hadi jioni. Cha pili chembamba, betri mbili. Cha tatu kina rangi. Cha nne kina taa ndani, ndicho hiki tulicho nacho. Halafu simu zikaja zikala kila kitu, na kiwanda kikatangaza kufunga.

Gemu zilizotoka kwa jumla, mia tatu na kumi na mbili. Kaka alikusanya arobaini na moja. Magari, mpira, ngumi, matofali yanayoanguka. Ya mwisho kabisa kutoka ni ile ya shamba. Ilitoka kiwanda kikiwa tayari kimeshatangaza msiba wake, kwa hiyo walionunua ni wachache. Unapanda, unamwagilia, unafuga ng'ombe. Kaka aliicheza miaka kumi na miwili. Kila ukiiwasha inakukaribisha kwa jina uliloandika, na yeye aliandika lile la utani tulilompa utotoni: CHUMA.

Siku tuliyomzika niliiwasha. Sikujua nifanye nini kingine. Nikaandika kwenye karatasi: saa 311, dakika 40. Ng'ombe sita. Nikafunga sanduku, nikawaambia Mama na Wifi kwamba hakuna wa kuligusa. Nilisema kwa ukali. Ninamkosa kaka yangu, na ukali ndio niliokuwa nao.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimelifungua sanduku ili niandike orodha. Kuna mkono wa mtu.

Kaseti zote zipo, arobaini na moja, lakini ya shamba ilikuwa juu. Mimi niliiweka chini kabisa. Kijivu kinanukia dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo anayoinunua Wifi. Nikawasha. CHUMA, karibu tena. Saa 352, dakika 15.

Saa arobaini zimeongezeka! Miezi minane marehemu yuko chini, na shamba linalimwa. Ng'ombe walikuwa sita, sasa kumi na mmoja. Mahindi yamemwagiliwa leo hii.

Nimekaa nikapiga hesabu. Nani ananenepesha mali ya mtu? Anayetaka kuiuza. Gemu adimu, shamba kubwa, watu kama Miwani huhangaikia vitu hivyo. Na nani alikuwa anadeki mahali pakavu?

Nimerudisha kila kitu kilivyokuwa, na unywele wangu mmoja nimeulaza juu ya kifuniko.

Jumapili, 9 Machi

Unywele haupo.

Wakati wa chakula nimerusha jiwe gizani. Nikauliza kama kuna aliyeingia chumbani kwa Kaka. Wifi akasema anaingia kufagia tu, shemeji zake wakubwa wakija wasikute vumbi. Mama akasema nile, chakula kinapoa. Alikuwa anajichua vidole gumba kwa ile dawa. Siku hizi vinamsumbua, anasema ni baridi. Baridi gani na joto hili? Uzee tu. Nimwambie Wifi asimalize kopo la Mama kwa mambo yake.

Wifi ni mtu mzuri, sikatai. Angeweza kurudi kwao, na amebaki kumtunza mama wa watu. Lakini hilo nalo nimeanza kulitazama kwa jicho la pembeni. Amebaki kwa ajili ya nini hasa?

Jumanne, 11 Machi

Nimewafuma. Wifi na Miwani, nyuma ya duka la dawa, wamesogeleana kama wapima kitambaa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na simu ya mteja mkononi, nikajifanya natafuta mtandao.

Wifi anauliza kama kweli itawezekana. Miwani anasema itachukua dakika tano tu, ataleta mashine Jumamosi asubuhi. Wifi anasema mimi nisijue kwanza. Miwani anasema heri wawahi, wasije wakachelewa.

Mashine ya nini? Ya kukagua mali, ya nini tena. Watanichukulia kaseti halisi waniachie ya bandia, na kwa nje hutaona tofauti. Nimezishika za bandia mimi, najua.

Nimerudi nikamkuta Wifi kanibandikia chai. Nimeinywa. Ilikuwa tamu na imenikera.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya jambo.

Mpango ulikuwa mzuri. Kufungua kila kaseti, kutia nukta ya rangi nyekundu ya kucha kwenye sakiti, ndani, mahali ambapo mwizi hawezi kuwaza. Wakibadilisha, nafungua mbele ya watu, nukta haipo, aibu ni yao. Parafujo za kaseti hizi zina kichwa cha pembe tatu. Bisibisi yake sijawahi kuiona kwa fundi mwingine hapa. Hii nilijichongea mwenyewe kwa tupa na haitoki kwenye mfuko wa aproni yangu.

Nilisubiri saa kumi na moja jioni, Mama na Wifi wakiwa uani wanaanua nguo. Nikaanza na ya shamba. Nikafungua. Na mkono wangu, miaka kumi na tisa kwenye hii meza, ukafanya kile unachofanya kila siku kabla ya chochote. Ukatoa betri.

Kwenye simu ndiyo kanuni ya kwanza. Betri kwanza, ndipo uguse kingine. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu wote. Simu haisahau kitu ukiitoa betri. Kaseti ya zamani husahau yote, kwa sababu ile betri ndogo ndiyo inayoshika sevu, yaani kumbukumbu ya mchezo, peke yake. Nalijua hilo. Nalijua kuliko mtu yeyote mtaani, na nililikumbuka betri ikiwa tayari imelala kwenye kisahani.

Nikairudisha. Nikatia nukta nyekundu, sijui kwa nini, mkono uliendelea tu. Nikafunga, nikawasha.

Andika jina lako.

Ndivyo ilivyosema. Hakuna CHUMA, hakuna ng'ombe, shamba ni majani matupu. Nimelia huku nimeuma aproni ili wasinisikie uani.

Nimeirudisha sandukuni, juu, kama nilivyoikuta. Na wazo likanijia, nitaliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma: ikigundulika, watajua ni Wifi. Si yeye aliyekuwa akiigusa?

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji.

Miwani amekuja na mashine yake, kidude kidogo chenye waya. Mama amevaa gauni lake la wageni. Mama! Wakaniita sebuleni wote watatu, wanatabasamu. Wifi akasema dada, tusamehe, tulikuficha. Kumbe alimfuata Miwani tangu mwezi uliopita, kumuuliza kama sevu inaweza kunakiliwa kabla betri haijakata roho. Inaweza. Ikishanakiliwa haipotei tena. Walitaka iwe zawadi yangu.

Na mlimaji ni Mama. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi nikiwa dukani, dakika kumi. Wifi alimfundisha vitufe. Mama akasema, "Nammwagilia mwanangu, na yeye ananikaribisha. Wewe ulivyokuwa mkali, tungekuambia ungetufungia sanduku." Ng'ombe mdogo kabisa amempa jina langu.

Mama mwenyewe ndiye aliyewasha. Alikuwa anangoja kukaribishwa. Akanigeukia akaniuliza, hapa pameandikwa nini?

Nikasema sijui.

Wifi akaisoma, uso ukamshuka. Akasema ni yeye. Jana mchana aliizima kwa haraka Mama aliposinzia, lazima ni yeye, mama nisamehe. Mama anamshika kichwa, anamwambia si kitu, si kitu, na machozi yanamtoka. Mimi nimesimama pale kama kabati.

Miwani anasema asijilaumu, kuzima hakufuti kitu. Huenda betri imelegea. Tuifungue tuone ndani. Fundi, bisibisi yako iko wapi?

Nimewaambia naitafuta. Iko mfukoni, naisikia kwenye paja. Kaseti anayo Mama, ameikumbatia kwa mikono miwili, haiachii.

Wifi anaita kutoka sebuleni. Anauliza kama aje anisaidie kutafuta.